Asubuhi Nilipozuia Maiti Isioshwe

Mama mwenye nyumba wangu alianza kuharisha Jumatano asubuhi, na ilipofika saa tisa alasiri hakuweza tena kutoka chooni mpaka chumbani bila kushikwa mkono. Mdogo wake, ambaye sote pale nyumbani tulimwita Mama Mdogo, alikuja kuniita kazini. Maabara yangu ilikuwa umbali wa kutembea, na njia nzima nilikuwa nikimwuliza maswali. Amekwenda mara ngapi? Rangi gani? Ametapika? Mama Mdogo alichoka nami kabla hatujafika.

"Amekunywa mshubiri jana," alisema. "Si unajua kila mwezi lazima aoshe tumbo? Safari hii ameuzidisha, basi."

Nilitaka sana iwe mshubiri. Kipindupindu kilikuwa kimeingia jijini miezi michache kabla, na huku kwetu Temeke kilikuwa kikiruka mtaa hadi mtaa: leo Keko, wiki ijayo Tandika, kisha kimya, kisha kinatokea mahali ambapo hakuna aliyekitarajia. Kazi yangu ilikuwa kukitambua. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimetoka Jeshi la Kujenga Taifa, na nimepangiwa maabara ya chumba kimoja yenye hadubini moja, kabati la joto moja, na mzee mmoja aliyekuwa akipima vinyesi na makohozi tangu siku za Mwingereza. Mtaani waliniita binti wa maabara nikiwapo. Nisipokuwapo, nadhani waliniita jina jingine.

Mama mwenyewe hakungoja nisiwepo. Yeye alikuwa Mzaramo na mimi Mnyamwezi wa Tabora, na hao ni watani tangu enzi za misafara ya pembe, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kuniambia lolote. "Chuo chote kile," alizoea kusema nikiingia uani, "taifa limekusomesha kwa jasho la wakulima, kumbe umesomea mavi!" Mimi sikujua kumjibu. Utani unataka ulimi mwepesi, na wangu ulikuwa mzito. Nilikuwa nikifikiri jibu zuri nikiwa kitandani, saa tatu baadaye.

Siku hiyo hakunitania. Alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka. Nilimbana ngozi ya mkono, ikarudi polepole. Lakini ngozi ya mtu wa umri wake hurudi polepole hata akiwa mzima. Kinyesi hakikuwa kama maji ya kuoshea mchele, kama tulivyofundishwa. Kilikuwa cha majimaji, cha manjano, kina harufu. Nikajiambia ni mshubiri. Kisha nikajiambia kwamba kila mgonjwa si picha ya kitabuni.

"Mama, twende hospitali," nilimwambia.

"Wanaokwenda kambi ya kipindupindu hawarudi. Niletee hayo maji yako ya chumvi na sukari, nitakunywa hapa hapa."

"Basi niruhusu nichukue kidogo, nikapime."

"Chukua. Lakini nikifa, msinizike kama mbwa. Nioshwe."

"Hutakufa, mama."

"Sikukuuliza hilo. Nimesema nioshwe. Ahidi."

Niliahidi. Nilijua ninachoahidi. Waliokufa kwa kipindupindu walichukuliwa na kikosi cha bwana afya, wakapulizwa dawa, wakafungwa kwenye turubai na kuzikwa na watu waliovaa mabuti, bila ndugu kuwagusa. Kwa Waislamu wa mtaa wetu hilo lilikuwa jambo zito kuliko kifo chenyewe.

Nilichukua kwa pamba ya kwenye kijiti, nikakimbia nayo maabara, nikaipaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, kile cha rangi ya kijani kibichi ambacho karibu kila kijidudu kinachoishi tumboni hukataa kuota juu yake. Kinachokubali kuota vizuri, kikageuka madoa makubwa ya manjano, ndicho tunachokiogopa. Niliifungia sahani kwenye kabati la joto saa kumi na moja kasorobo. Kwa hesabu ya kawaida, ingesomeka kesho yake saa tano. Nilirudi nikakaa naye, nikimnywesha kijiko kwa kijiko. Jioni alipata nafuu kidogo, akataka uji. Nikaenda kulala nikiamini mshubiri.

Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Mama Mdogo alisema alishika kifua tu, akasema anasikia baridi. Moyo, basi. Mtu mzima, amechoka, moyo umesimama. Nilisimama ukumbini, kanga begani, nikijiambia hivyo, na wakati huohuo nikijua kwamba mtu aliyekaushwa maji na kipindupindu naye moyo wake husimama.

Kufikia saa mbili uani palikuwa pamejaa watu. Wanaume waliketi mbele ya nyumba kwenye mikeka, wanawake nyuma. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwembamba mwenye beji ya chama kifuani, alikuwa akigawa kazi: nani aende makaburini Chang'ombe, nani atafute sanda, nani akope sufuria. Mazishi yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri. Ndani ya chumba cha marehemu walikuwa wamekwisha kuchimba kishimo cha kupokea maji chini ya kitanda kitupu cha kamba, cha kuoshea. Ndoo tatu zilikuwa zimechotwa kisimani. Mama Mdogo alikuwa akiponda majani ya mkunazi kwenye kinu. Wenzake wawili wa kuosha walikuwa wamejifunga kanga kifuani.

Niliwahi kusikia jinsi maiti inavyooshwa, kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa mwosha maiti na alipenda kunisimulia ili anione nikikunja uso. Kwanza huinuliwa mabega, aketi kidogo. Kisha mwoshaji hupitisha mkono juu ya tumbo na kulikamua polepole, mara kadhaa, ili kilichobaki ndani kitoke na mtu aende kwa Mola wake akiwa safi. Ndipo huoshwa. Ni kazi ya heshima, na hufanywa kwa mkono mtupu au uliozungushiwa kitambaa.

Na baada ya hapo mikono hiyohiyo itaingia kwenye unga na mchele wa matanga. Watu mia watakula.

Niliona njia yote, kutoka tumboni mpaka kiganjani, mpaka kwenye sinia, kama mtu anavyoona njia ya siafu ukutani. Na kama ni mshubiri tu? Hapo ndipo ulimi wangu uliponasa. Wiki kadhaa nyuma niliona madoa ya manjano kwenye sahani ya mama mmoja aliyekuwa akiuza uji na vitumbua kituo cha basi. Sikungoja vipimo vilivyofuata. Nilikimbia kwa bwana afya, nikasema kipo. Walimwaga uji wake, wakavunja kibanda, wakapuliza nyumba yake dawa mbele ya majirani. Kesho yake vipimo vilionyesha ni kijidudu cha baharini tu, ndugu wa mbali wa kile chenyewe, asiyeua mtu. Nilikwenda kumwomba radhi. Aliniambia, "Sema hivyo kwa watu wote walioona, mwanangu, si kwangu." Alihamia Mbagala, na mimi tangu siku ile nilikuwa napima kila kitu mara tatu.

Kwa hiyo sikulisema lile neno. Ningelisema, balozi angetakiwa kupeleka habari mara moja, na ahadi yangu ingekufa pale pale. Nisingelisema, wanawake watatu wangetia mikono yao ndani ya kifo. Nilimfuata Mama Mdogo kwenye kinu.

"Mama Mdogo, tungoje kidogo. Mpaka saa tano."

"Tungoje nini? Maiti haingojeshwi, mwanangu."

"Kuna... ndugu zake wa Kisarawe labda wako njiani."

"Wamefika. Wale pale, wanakunywa chai."

Alijitwisha bakuli la mkunazi na kuelekea ukumbini. Wenzake walimfuata na ndoo. Sijui nilifikiri nini. Nadhani kwa mara ya kwanza sikufikiri. Niliwapita mbio, nikafika mlangoni mwa chumba, nikajilaza chini, kichwa kwenye mwimo mmoja na miguu kwenye mwingine.

Nilikuwa naangalia dari. Kisha sauti yangu ikatoka, nyembamba:

"Hamuoshi mtu hapa! Huyu hajafa. Wazaramo mnapenda sana kulala."

Mama mmoja alishtuka. Mwingine akaanza kucheka. "Haa! Mtani kaamka leo!"

Watani wana haki hiyo. Msiba wa Mzaramo bila Mnyamwezi wa kuuvuruga hauna chumvi. Mtani anaweza kuiba sanda, kulala kaburini, kuziba njia, na hakuna anayekasirika, maana akikasirika ameshindwa. Haki hiyo nilikuwa nayo tangu nihamie pale, na sikuwahi kuitumia hata kwa kikombe cha chai.

"Wewe mpagazi," Mama Mdogo alisema, huku machozi na kicheko vimechanganyika, "shusha mzigo wako upishe watu!"

"Sishuki. Kwanza aniamkie. Kila siku ananiita binti wa mavi. Leo aniombe radhi mwenyewe ndipo muingie."

Walicheka hata wanaume wa mbele wakauliza kuna nini. Mimi jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni. Kila walipocheka nilitaka kupiga kelele. Nilihesabu dakika kwa mdomo uliofungwa. Waliniletea kuku mzima nikubali kuondoka. Nikasema Wanyamwezi hawali kuku wa wavivu, nataka fahali. Mama Mdogo alinitupia nazi, nikasema nataka na mnazi wake. Sikujua maneno hayo yalikuwa yamejificha wapi miaka yote. Yalitoka kama yanatapikwa, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililonichekesha.

Mwenzangu alitokea bila kuitwa. Alikuwa mzee wa Kinyamwezi wa mtaa wa pili, kuli wa zamani wa bandarini, aliyesikia kwamba utani umeanza na hakutaka kukosa. Alinivuka, akaingia, akakaa kwenye kile kitanda kitupu juu ya kishimo kama mtu anayekaa kwenye kiti cha uvivu.

"Shikamoo, babu," nilimwambia kutoka sakafuni.

"Marahaba, mjukuu. Leo umetutoa aibu. Nilidhani shule imekuharibu."

Saa nne na nusu sikuweza kuvumilia tena. Nilimnong'oneza, "Babu, usimpishe mtu mpaka nirudi."

"Unakwenda wapi?"

"Kazini. Mara moja."

Aliniangalia usoni, na tabasamu lake likapungua. Nadhani aliona kwamba mtu anayetania hana macho kama yangu. "Nenda," alisema. "Nimebeba magunia ya katani miaka thelathini. Mlango mmoja haunishindi."

Nilikimbia. Maabarani mzee wangu alikuwa amekaa kwenye hadubini, miwani juu ya paji la uso. Nilimpita bila kumwamkia, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikafungua kabati la joto, nikatoa sahani na kuielekeza dirishani.

Madoa ya manjano yalikuwa yamejaa. Makubwa, bapa, yanang'aa, na ile kijani ya chakula chao ilikuwa imegeuka manjano kuyazunguka.

Lakini hata kijidudu cha mama wa vitumbua kilikuwa cha manjano. Niliwasha taa ya spiriti, nikachoma kitanzi cha waya mpaka kikawa chekundu, nikakipoza, nikagusa doa moja, nikalivuruga kwenye tone la dawa ya nyongo juu ya kioo. Ukiinua kitanzi taratibu, vijidudu vya jamii hii hupasuka na kuvutika kama ute wa bamia. Niliinua. Uzi ulifuata, mrefu, mwembamba, ukining'inia kati ya kioo na kitanzi. Jamii ndiyo hiyo. Ila jamii hiyo ni kubwa.

Ikabaki seramu. Tulikuwa na kichupa kimoja, kimebaki na matone machache chini. Tone moja la seramu na kijidudu chenyewe, ukitikisa kioo, hugandamana kama maziwa yaliyochacha. Kijidudu kingine hubaki kama ukungu. Pembeni huwekwa tone la maji ya chumvi tupu na kijidudu hichohicho, kuhakikisha hakigandamani chenyewe bila sababu. Niliweka yote mawili. Nilitikisa kioo huku na huku. Upande wa maji, ukungu. Upande wa seramu, kabla sijahesabu ishirini, chembe nyeupe zilijitokeza.

Nilichukua kioo kingine, nikarudia. Chembe nyeupe.

Nilinyoosha mkono kuchukua kioo cha tatu. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Cha kwanza kimekwambia nini?"

"Ndicho."

"Cha pili?"

"Ndicho."

"Basi hicho cha tatu unakiomba nini, binti? Seramu inakwisha na wewe unasali."

Nilimweleza. Nilieleza ovyo, maneno yanapishana: mama, ahadi, mlango, kuku, babu aliyekaa juu ya shimo. Alisikiliza akifuta miwani kwa ncha ya koti.

"Sheria unaijua," alisema. "Jibu likithibitishwa linaandikwa daftarini na bwana afya anaitwa."

"Naijua, mzee."

"Daftari liko kwenye saraka yangu. Nami sijanywa chai." Alikwenda kwenye kabati, akanipa jozi tatu za glavu na kopo la unga wa klorini. "Nikimaliza chai nalifungua. Mimi hunywa chai polepole, lakini si mpaka jioni. Umenisikia?"

Nilimsikia. Njiani nilisimama mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kurudi nimwambie aandike sasa hivi, asimalize chai. Kisima cha pale nyumbani kilikuwa wazi, watu wa msiba walikuwa wakichota, na kila dakika niliyoiba ilikuwa dakika ya ndoo nyingine. Mara ya pili nilisimama kwa sababu nilishindwa kuvuta pumzi. Kisha niliendelea mbele, na mpaka leo siwezi kusema kama nilichagua au miguu ndiyo iliyochagua.

Babu bado alikuwa juu ya shimo lake, sauti imemkauka, na kicheko cha watu kilikuwa kimeanza kupungua kwa sababu jua lilikuwa linapanda. Nilimvuta Mama Mdogo jikoni, nyuma ya magunia ya mkaa, nikamwambia kwa sauti ya chini. Nilitumia lile neno.

Hakulia. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi. "Kwa hiyo pale mlangoni ulikuwa hutanii."

"Nilikuwa natania. Na nilikuwa naogopa."

"Na mie nikakutupia nazi." Alifuta mikono kwenye kanga. "Mshubiri nilimtengenezea mie mwenyewe. Tangu alfajiri najilaumu kwamba nimemuua."

Sikuwa nimelijua hilo. Nilimwambia si mshubiri. Alitikisa kichwa, kama anayepokewa mzigo mkono mmoja na kupewa mwingine mkono wa pili.

"Watamchukua?"

"Wakija kabla hajaoshwa, ndiyo."

"Hiyo dawa yenu, inaua hao wadudu?"

"Inaua. Lakini tumbo lisiguswe. Hata kidogo. Maji yamwagwe tu juu yake. Na mikono ivae hizi, na kila tone liingie shimoni, na shimo lijazwe dawa."

"Kumwosha bila kumkamua," alisema polepole, kama anayejaribu nguo isiyo yake. Kisha akasimama. "Mwenyezi Mungu anajua tumezuiwa. Usinieleze tena mambo ya wadudu, nitaogopa. Niambie mikono yangu iende wapi na isiende wapi."

Wale wenzake wawili tuliwaambia pia, kwa sababu sikuweza kuwaacha waingie bila kujua. Mmoja alirudi nyuma mpaka ukutani, akasema ana watoto, na Mama Mdogo akamwambia aende, hakuna lawama. Wa pili alivaa glavu. Jozi ya tatu nilivaa mimi. Sikuwa Mwislamu na kuosha hakukuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya dawa na kumwaga pale nilipoambiwa.

Niliichanganya klorini kwa kipimo tulichotumia kusafishia meza, kisha nikaogopa ni hafifu nikaongeza, kisha nikaogopa itamchubua nikazimua. Macho yalituwasha sote, kwa hiyo hakuna aliyejua nani analia. Mama alilala kwenye kamba, shuka jeupe kutoka kifuani mpaka magotini, mdogo kuliko nilivyomjua. Mama Mdogo alimwaga maji kwa kata, kulia, kushoto, akisoma kimoyomoyo. Yalipita kwenye kamba, yakaingia shimoni. Mimi nilikuwa nikiyaangalia yanakoangukia, kama askari anayelinda mpaka.

Walipomwinua mabega, mkono wa yule wa pili ulikwenda tumboni. Haukwenda kwa ubishi. Ulikuwa mkono ulioosha watu wengi, nao ulikwenda unakojua.

"Usibonye!" nilipiga kelele.

Mkono ulisimama hewani. Huko nje watu walinyamaza. Kisha nikasikia sauti ya babu, aliyehamia nje ya mlango, imekwaruza, lakini kubwa: "Mtani huyo! Anagombania urithi! Mwambieni kitanda ni changu!" Na watu wakacheka, na sisi ndani tukabaki tunatazamana juu ya maiti, glavu zetu zinadondosha maji.

Walimvika sanda. Nilimwaga kopo lililobaki shimoni, nikachoma glavu zote jikoni, nikawasugua wale wanawake mikono mpaka viwiko, mara mbili, mpaka Mama Mdogo akaniambia ngozi si sahani. Jeneza lilitoka adhuhuri likiwa limebebwa na wanaume. Chakula hakikupikwa, nilikuwa nimekwisha kumwambia Mama Mdogo azime mafiga, akasingizia mchele umeingia mafuta ya taa. Kisima sikukigusa. Nilifikiri, bwana afya yuko njiani, yeye ndiye mwenye madaraka.

Alikuja saa nane. Walipuliza vyumba vyote, wakatia dawa kisimani na kukifunga kwa mbao, wakachoma mkeka na kitanda cha kamba. Balozi alinisogelea, beji yake ikiwa imepinda.

"Ndugu Mtaalamu," alisema, "ulijua saa ngapi?"

"Saa tano na robo."

"Na mimi balozi nikajua saa nane."

Aliandika kitu kwenye kijitabu chake, na nilingoja kuitwa mahali, lakini sikuitwa.

Kilichofuata kilikuwa kungoja. Dalili za kipindupindu huonekana ndani ya siku tano, mara nyingi mapema zaidi. Nilimwangalia Mama Mdogo anavyokula, anavyotembea, anavyokohoa hata, kana kwamba kikohozi kina maana. Chumba changu kilikuwa karibu na mlango wa choo na nilijua hatua za kila mtu. Siku ya tatu alikwenda mara mbili kabla ya chai. Nilikuwa nimesimama nje na kijiti cha pamba mkononi alipotoka.

"Mtani," alisema, "ni maharage. Ondoka njiani."

Nilimpima hata hivyo, yeye na yule mwenzake, siku tatu mfululizo. Sahani zao zilibaki kijani. Mzee wa maabara alisema sasa nilale.

Lakini siku ya nne, kabla hata vipimo hivyo havijaisha, aliletwa fundi cherehani wa nyumba ya mkabala. Alikuja amebebwa na wanawe kwenye baiskeli, macho yameingia ndani, na huyu alikuwa kama kitabu: maji ya mchele, ngozi inasimama ikibanwa. Sahani yake ilikuwa ya manjano. Seramu iligandamana mara moja. Huko kambini walimtundikia dripu, moja baada ya nyingine, na baada ya siku mbili aliweza kukaa na kuomba chai. Nilikwenda kumwona. Nilileta machungwa nisiyojua kama anaruhusiwa kula.

Alikuwa amehudhuria msiba. Alikaa mbele ya nyumba tangu asubuhi, na alisaidia kubeba jeneza. Alikumbuka utani wangu, akacheka kidogo kwa maumivu. Nilimwuliza kama alikunywa maji pale.

"Nilikunywa. Yale ya kisimani, kwenye ndoo. Jua lilikuwa kali."

"Ulikunywa saa ngapi?"

"Asubuhi. Au tulipotaka kubeba. Sikumbuki."

"Jaribu kukumbuka, kaka. Ilikuwa kabla ya saa tano au baada?"

Aliniangalia bila kuelewa kwa nini nimeshika ukingo wa kitanda chake kwa nguvu hivyo.

"Dada," alisema, "nani anaangalia saa akiwa na kiu?"